Uzio wa Mbao Huozea Mguuni



Katika safu hii ya elimu tumekuwa tukijifunza pamoja kazi za nyumbani ambazo jumuiya inaweza kuzifanya kwa mikono yake na kwa fedha kidogo. Safari hii tunazungumzia uzio wa mbao wa kuzunguka ua wa nyumba. Huenda baadhi ya kamati zitaona ni jambo dogo likilinganishwa na kisima au zahanati. Lakini kwa mama anayelisha watoto kwa mboga zilizoko nyuma ya nyumba yake, uzio ndio unaoamua kama watakula watoto au watakula mbuzi wa jirani. Aidha, uzio ni kazi ambayo kamati zetu huipenda, kwa sababu humalizika haraka na huonekana kwa macho. Hapo ndipo penye mtego, na nitaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita ofisi yetu ilisaidiana na kamati ya parokia moja huku Nyanda za Juu Kusini kumjengea uzio bibi mmoja mjane aliyekuwa akilea wajukuu wanne. Waamini walijitolea nguzo. Zilikuwa za mikaratusi, au milingoti kama wengi huku wanavyoiita, miti michanga iliyokatwa Jumatatu na kuchimbiwa Alhamisi ikiwa bado na maganda yake. Fedha za wafadhili zilinunua mbao za paina zilizopigwa randa vizuri, misumari, na rangi nyeupe. Uzio ulipendeza kwelikweli. Tulimpiga picha bibi amesimama langoni na wajukuu wake, picha ikaenda kwa wafadhili pamoja na taarifa, nasi tukafunga faili.

Msimu wa pili wa mvua ulipokaribia kwisha nilipita njia ile kwa shughuli nyingine. Upande mzima wa uzio ulikuwa umelala chini. "Kamwene, bibi," nilisalimia, na sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Aliitikia, akanipa kigoda, akaagiza mjukuu alete chai. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, wamekula mpaka njegere za mbegu nilizokuwa nimeziacha zikauke." Kisha akauliza kama zile mbao anaweza kuzitumia kuni.

Siku hiyo tulikagua nguzo moja baada ya nyingine. Mbao nyeupe zilikuwa nzima, unaweza kuzipigilia mahali pengine. Sehemu ya juu ya kila nguzo ilikuwa ngumu. Hata ncha zilizobaki chini kabisa ya mashimo, nyingi zilikuwa bado zina nguvu. Lakini kila nguzo ilikuwa imekatika mahali palepale, usawa wa ardhi, kana kwamba mtu amepita na msumeno. Tulikuwa tumetumia fedha za wafadhili kwenye sehemu ya uzio isiyooza, na sehemu inayooza tukaiachia miti ya bure.

Kwa nini ni palepale

Kuoza kwa mti si uzee. Ni kazi ya kuvu, viumbe hai vinavyokula mti kama ambavyo funza hula mahindi. Kuvu wanahitaji mambo mawili kwa pamoja: unyevu na hewa. Mti mkavu, ambao maji yake hayafiki sehemu ishirini kwa kila mia ya uzito wa mti mkavu, hauliwi na kuvu. Ndiyo maana kenchi za nyumba za zamani zipo mpaka leo. Kwa upande mwingine, mti uliozama kabisa kwenye maji au udongo mzito hauozi upesi kwa sababu hewa haifiki.

Sasa tazameni nguzo ya uzio. Juu kuna hewa lakini mti hukauka kila jua likitoka. Chini kabisa kuna unyevu lakini hewa ni haba. Katikati, tangu usawa wa ardhi hadi kama shubiri moja chini yake, vyote viwili vipo mwaka mzima. Hapo ndipo kuvu hufanya karamu. Na kwa bahati mbaya hapohapo ndipo nguzo inapobeba mzigo mkubwa kuliko mahali pengine, kwa sababu upepo na mbuzi husukuma juu na nguzo hupindia usawa wa ardhi. Mchwa nao hupitia hapo, wakipanda kutoka udongoni kwa vijia vyao vya tope.

Basi kamati ikiletewa makadirio ya uzio, swali la kwanza lisiwe mbao zitakuwa za namna gani au rangi gani. Liwe: nguzo ni za mti gani, na shubiri ile moja imelindwaje?

Mti wa nguzo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye makosa mengi, na mafundi wetu wenyewe hawakubaliani.

Ukikata gogo utaona duara mbili. Ya nje ni nyeupe au ya rangi hafifu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Ya ndani ni kiini, mara nyingi cheusi au chekundu zaidi. Sehemu nyeupe haidumu ardhini, iwe ya mninga au ya mpapai. Ugumu unaosifiwa wa mti fulani ni wa kiini chake tu, kwa sababu mti wenyewe ulipokuwa ukikua uliweka humo dawa zake za asili. Waingereza walikuwa na kipimo cha jambo hili: walichimbia vijiti vya kiini vya inchi 2 kwa 2, wakahesabu miaka. Mti ambao vijiti vyake vilidumu zaidi ya miaka 25 uliitwa wa kudumu sana. Ambao havikufika miaka 5 uliwekwa daraja la mwisho. Hiyo ni nchi ya baridi. Kwenye joto na mchwa wetu miaka hiyo hupungua, lakini mpangilio wa nani ni imara kuliko nani haubadiliki sana.

Kwa kipimo cha namna hiyo, kiini cha mninga, mkongo na mvule kipo miongoni mwa vile vya kudumu. Mpingo ni zaidi. Mtarakwa, yaani mwerezi wa milimani kwetu, ulisifika Kenya kwa nguzo za uzio tangu wakati wa wakoloni. Mjohoro, ambao watu wengi wameupanda shuleni na makanisani kwa ajili ya kivuli, nao una kiini kigumu kinachofaa. Paina haidumu ardhini bila dawa, kwa hiyo isichimbiwe kama ilivyo. Mikaratusi hutofautiana aina kwa aina, na mti mchanga wa kipenyo cha inchi tatu karibu wote ni sehemu nyeupe. Hilo ndilo lililomkuta bibi yetu. Hatukumletea mkaratusi mbaya, tulimletea mkaratusi ambao bado haujawa na kiini.

Je, basi tukakate mininga porini? Hapana. Miti hiyo imevunwa kupita kiasi, na mwaka 2022 nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya jamii za mninga na mkongo za Afrika. Nyumbani nako, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadai kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Parokia iliyokamatwa na lori la nguzo zisizo na hati itakuwa imewaaibisha wengi. Tumieni miti hiyo pale tu inapotoka kwenye majengo ya zamani yanayobomolewa, au kwenye shamba la mtu aliyeipanda, tena kwa karatasi zake.

Njia ya pili ni nguzo zilizotiwa dawa kiwandani. Huku kwetu hili si geni. Nguzo za umeme zilizoenea vijijini ni za mikaratusi au paina, na mikoa ya Iringa na Njombe ina viwanda vinavyozitia dawa. Nguzo huwekwa ndani ya tangi la chuma, hewa huvutwa nje, kisha dawa husukumizwa kwa nguvu hadi ndani ya mti. Rangi ya kijani mnayoiona ni ya shaba iliyomo kwenye dawa. Viwanda hivyo huuza pia nguzo fupi za uzio.

Na hapa mambo hugeuka kinyume, jambo linalowachanganya hata mafundi wazuri. Kwa nguzo isiyotiwa dawa tunatafuta kiini na kuchonga sehemu nyeupe yote. Kwa nguzo ya dawa tunataka sehemu nyeupe iwe nyingi, kwa sababu ndiyo inayonywa dawa, kiini hakinywi. Kwa hiyo nguzo ya dawa iwe mviringo kama ilivyotoka msituni, imemenywa maganda tu. Mkiona nguzo ya dawa iliyopasuliwa mraba kutoka moyoni mwa gogo, iacheni. Tena, kabla ya kulipa mzigo wote, ombeni nguzo moja ikatwe kipande cha shubiri moja upande wa juu. Kijani kionekane kimeingia sehemu nyeupe yote kuzunguka. Kama ni utepe mwembamba kwenye ngozi, hiyo ilipakwa, haikutiwa dawa. Na mkishanunua, upande mliokata usiende ardhini kamwe.

Tahadhari moja haina mjadala. Dawa iliyozoeleka ina shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu. Nchini Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao za makazi mwishoni mwa mwaka 2003, ingawa kwa nguzo za umeme na za mashamba iliendelea. Vipande vya nguzo hizo visichomwe jikoni wala kwenye moto wa kuota, na majivu yake yasimwagwe bustanini. Anayezikata avae glavu na afunike pua, na vumbi la msumeno lizolewe lote. Mboga za majani zipandwe umbali wa hatua moja kutoka kwenye mstari wa uzio.

Vipi kuhusu oili chafu ya gari, na kuchoma mguu wa nguzo kwa moto? Ni desturi za wengi na sitazidharau, lakini zisitegemewe. Oili inayopakwa kwa brashi huingia unene wa ukucha tu, mvua huiosha, na uchafu wake hubaki kwenye udongo wa bustani. Kuchoma hutengeneza ganda la mkaa ambalo kuvu hawali, lakini nguzo ikikauka hupasuka nyufa, na kuvu na mchwa hupita kwenye nyufa hizo kama mlangoni. Zaidi ya hayo, moto umekwisha kula sehemu ya unene wa nguzo. Dawa za zamani za mchwa kama aldrin na dieldrin, ambazo bado wazee huzitaja kwa kuzitamani, zilikuwa miongoni mwa sumu 12 za kwanza kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Mkizikuta kwenye stoo ya mtu, msizitumie. Mpelekeeni habari bwana shamba.

Kabla ya kuchimba

Niliwahi kufikiri uzio ni kazi ya fundi tu. Siku hizi najua kwamba shimo la kwanza ni jambo la majirani. Uzio ulionyooka unaweka wazi mpaka ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa kukadiria, na familia mbili zilizokuwa zikisalimiana zinaweza kujikuta mbele ya baraza la ardhi la kijiji. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata msumari mmoja, mwenye nyumba, majirani wote wanaopakana naye, mwenyekiti wa kitongoji na mjumbe mmoja wa kamati wapite pamoja kwenye mstari huo na kupiga mambo. Kama kiwanja kina hati, au hatimiliki ya kimila iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vipimo vifuate karatasi. Kama hakina, maelewano yaandikwe na wote watie saini. Kwa mjane hili ni muhimu maradufu: wapo ndugu wa marehemu wanaokuja na maneno baada ya uzio kusimama. Kumbukeni pia hifadhi ya barabara, ili kazi yenu isije ikawekewa alama ya X.

Vuteni kamba kutoka kona hadi kona. Kona ipimwe kwa njia ya mafundi wote: futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kati ya alama hizo mbili iwe futi 5 kamili. Hapo kona ni mraba.

Hesabu

Wacha tuchukue ua wa futi 60 kwa 72. Mzunguko wake ni futi 264. Nguzo zikikaa kila futi 6, zinahitajika 44, na moja ya ziada kwa ajili ya lango dogo la futi 3, jumla 45. Tumechagua futi 6 kwa makusudi, kwa sababu mbao za 2 kwa 4 madukani kwetu ni za futi 12, kwa hiyo kila ubao wa mlalo unavuka nafasi mbili bila kukatwa. Mistari miwili ya mlalo kwa futi 261 zilizobaki ni futi 522, yaani mbao 44 (43 na nusu kwa hesabu kamili, na nusu hiyo itakayobaki ni ya lango).

Mbao za wima ziwe na upana wa inchi 3 na nafasi ya inchi 3. Kila futi inachukua mbili, jumla 522. Ubao wa 1 kwa 6 wa futi 12 ukipasuliwa katikati na kukatwa mara tatu unatoa vipande sita vya futi 4, hivyo mbao 87 zinatosha, pamoja na tatu au nne za akiba na za lango. Kila kipande kinapigwa misumari minne, miwili juu na miwili chini: zaidi ya misumari 2,000. Naandika hesabu hii kwa kirefu kwa sababu kamati nyingi hutuletea makadirio yenye mstari mmoja tu, "vifaa vya uzio", na jumla yake chini. Mfadhili hawezi kuuliza swali la maana juu ya mstari wa namna hiyo, na fundi hawezi kudaiwa hesabu.

Ona pia kwamba nguzo ni 45 tu, na mbao za wima ni mara kumi na zaidi. Kama fedha hazitoshi, punguzeni huko kwenye wingi. Mbao za wima zinaweza kuwa mabanzi kutoka kiwanda cha kupasulia mbao, au mianzi, au hata waya, na baadaye zikabadilishwa bila kuchimba shimo. Nguzo haibadilishwi bila kubomoa. Shimo la nguzo mbovu na shimo la nguzo nzuri huchimbwa kwa jasho lilelile.

Kusimamisha

Theluthi moja ya nguzo iwe ardhini. Kwa uzio wa futi 4 nguzo ni ya futi 6: futi 2 chini, 4 juu. Nguzo za kona na za lango ziwe za futi 7 na ziingie futi 3, kwani ndizo zinazovutwa. Upande mnene wa nguzo ukae chini. Wapo wanaosisitiza nguzo igeuzwe kichwa chini ili maji yasipande. Nguzo iliyokatwa haipandishi maji kama mti hai, na mnachopoteza ni unene mahali mnapouhitaji.

Chimbeni shimo jembamba, lizidi kina cha nguzo kwa inchi 6, na inchi hizo zijazwe kokoto ili maji yapenye na kupotea. Simamisheni nguzo, pimeni kwa timazi pande mbili, kisha rudisheni udongo kidogo kidogo, kama inchi 6 kila mara, mkiushindilia kwa mtaimbo mpaka ulie. Kosa la kawaida ni kumwaga udongo wote na kushindilia juu tu. Juu kabisa, inueni kichuguu kidogo cha udongo kuzunguka nguzo, kiteremke pande zote ili maji ya mvua yakimbie mguu badala ya kuukusanyikia.

Wengi wanatuuliza kuhusu zege. Zege hufanya nguzo isitikisike, na kwa nguzo ya lango linafaa. Lakini nguzo ikikauka husinyaa, unabaki ufa mwembamba kati yake na zege, maji huingia humo na hayana pa kutokea. Nguzo inakuwa imesimama ndani ya kikombe. Mkilazimika kutumia zege, chini kubaki kokoto tupu bila zege, na juu zege lipande kidogo kupita usawa wa ardhi na kuteremka kuelekea nje.

Kichwa cha nguzo kikatwe mshazari, kwa sababu ncha iliyokatwa bapa hunywa maji kama sponji.

Mbao na lango

Mbao za mlalo na za wima ndizo zinazofaidika na kukaushwa. Nguzo hata ikikauka itarudi kulowana ardhini, lakini ubao mbichi uliopigiliwa husinyaa, hupinda na kung'oa misumari. Zipangwe kivulini juu ya magogo, na vijiti katikati ili hewa ipite, kiangazi chote kama inawezekana. Huku kwetu kukata na kumenya maganda mwezi Juni na kujenga mwezi Oktoba kabla ya mvua ni ratiba nzuri.

Mbao za wima zisiguse ardhi. Ziachieni nafasi ya inchi mbili. Mbuzi hapiti hapo, ila vifaranga watapita, na bibi wa kwetu alilalamikia hilo tu. Misumari iwe ya inchi 2 na nusu iliyopakwa zinki, maana ya kawaida hushika kutu na mti unaoizunguka hulainika. Kwa mti mgumu toboeni kwanza kwa keekee.

Lango huchoka kabla ya kitu kingine chochote. Ubao wa mshazari uanzie kona ya chini upande wa bawaba, upande hadi kona ya juu upande wa komeo. Hivyo uzito wa lango unasukuma ubao kuelekea bawaba ya chini na lango halishuki. Nimeona malango mengi ya parokia, pamoja na la nyumba ya mapadre wetu, ambayo ubao huo umewekwa kinyume. Unapendeza lakini haubebi kitu.

Rangi inahusu mbao tu. Kwa mguu wa nguzo haisaidii lolote.

Baada ya mafundi kuondoka

Kila mwaka mvua zikiisha, mjumbe mmoja wa kamati apite na bisibisi na daftari. Afukue udongo mguuni mwa kila nguzo kina cha vidole vinne na kuchoma. Bisibisi ikigoma, nguzo ni nzima. Ikizama nusu inchi, iandikwe na iangaliwe tena mwakani. Ikizama inchi nzima kwenye nguzo ya inchi nne, isisubiriwe ianguke: chimbieni kando yake nguzo fupi nzima na kuzifunga pamoja kwa boliti. Vijia vya mchwa vikwanguliwe, na majani yafyekwe mguuni, kwani majani hutunza unyevu na kuficha vijia.

Kama mna nafasi, pandeni ua hai ndani ya uzio siku ileile. Wachagga wana masale yao kwenye mipaka. Sehemu nyingine watu hupanda michongoma, minyaa au mibono. Minyaa ina utomvu unaoumiza macho, kwa hiyo isipandwe wanapochezea watoto. Mimea hii michanga huliwa na kukanyagwa bila kitu cha kuilinda, na uzio wa mbao ndio unaoilinda miaka ya mwanzo. Siku nguzo zitakapochoka, ua hai utakuwa umekwisha kushika nafasi.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi. Mnapopokea picha ya uzio mpya, tuulizeni nguzo ni za mti gani, na baada ya miaka mitatu tuulizeni daftari la bisibisi linasemaje. Sisi wenyewe tumeanza kutenga katika kila bajeti nauli ya kurudi kukagua, hata kama mradi umefungwa. Ni fedha kidogo, na mkiona mstari huo kwenye makadirio msituombe tuuondoe.

Uzio wa bibi tuliujenga upya kiangazi kilichofuata. Mbao nyeupe za zamani zilirudishwa karibu zote, zile ambazo hazikuwa zimeingia jikoni. Nguzo zilikuwa za paina za mviringo, zilizotiwa dawa, na kwa ajili yake tulilazimika kuahirisha ukarabati wa ofisi yetu. Haukupakwa rangi tena. Huu ni mwaka wa sita. Ukaguzi wa mwisho aliufanya mjukuu wake wa pili, ambaye sasa ni mrefu kuliko mimi: kati ya nguzo 45, bisibisi ilizama kwenye mbili, zote upande wa bomba la maji linalovuja. Bawaba ya juu ya lango inahitaji kubadilishwa, na michongoma imefika kiunoni.